CBR Imeshuka, Mbona Mkopo Wako wa Simu Haujashuka?

Kila baada ya miezi miwili hivi, taarifa ya habari ya saa moja jioni huwa na habari moja inayofanana na ile ya awali. Kamati ya Sera ya Fedha ya Benki Kuu imekutana. Imepandisha, imeshusha, au imeacha kiwango cha riba palepale. Halafu mtangazaji anaenda kwa michezo, na wengi wetu tunaendelea kula.

Lakini siku hizi kuna wateja wanaosikiliza mpaka mwisho. Swali wanalotuuliza ni moja: "Nimesikia Benki Kuu imepunguza riba. Mbona mkopo niliochukua kwa simu jana unatozwa ileile?"

Ni swali zuri, na jibu lake haliwezi kutoshea kwenye ujumbe mfupi. Pia tukiri mapema kwamba sisi ni kampuni ya malipo kwa simu, kwa hivyo kuna mahali katika hadithi hii ambapo biashara kama yetu haionekani vizuri sana. Tutaisema hivyo hivyo.

Kwanza, hiyo CBR ni nini?

CBR ni kiwango cha riba cha Benki Kuu ya Kenya. Wewe hulipi CBR. Hata duka lako halilipi. Ni kiwango ambacho benki za biashara hukitazama zinapopanga bei ya pesa, manake Benki Kuu hutumia nguvu zake kuhakikisha riba ambayo benki hukopeshana usiku mmoja inakaa karibu na hapo. Pesa zikiwa ghali kwa benki, zinakuwa ghali kwa mteja wa benki. Zikiwa rahisi, mteja naye anatarajiwa kupata nafuu.

Kazi kubwa ya chombo hiki ni kuzuia bei za bidhaa zisipande ovyo. Lengo ambalo Benki Kuu imewekewa ni mfumuko wa bei wa asilimia 5, na inaruhusiwa kuyumba kati ya asilimia 2.5 na 7.5. Oktoba 2022 mfumuko ulifika asilimia 9.6. Unakumbuka bei ya unga na mafuta ya kupikia wakati huo? Ndiyo hiyo.

Kisha shilingi nayo ikaanza kuteleza. Kufikia Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160, na kwa nchi inayonunua mafuta ya petroli, ngano na mafuta ya kupikia kutoka nje, kila shilingi inayopotea inaonekana kwenye nauli na kwenye kikaango. Benki Kuu ikapandisha CBR kutoka asilimia 10.5 hadi 12.5 mnamo Desemba 2023, halafu hadi 13 Februari 2024. Mwezi huohuo serikali ikapata mkopo mpya wa nje wa kulipia sehemu ya ule wa dola bilioni 2 uliokuwa unakaribia kuiva, na hofu ya soko ikatulia. Katikati ya mwaka dola ilikuwa karibu shilingi 130. Oktoba 2024 mfumuko wa bei ukawa asilimia 2.7.

Ni nini hasa kilichofanya kazi, riba au ule mkopo wa nje? Sisi tunadhani vyote viwili, na atakayekuambia ni kimoja tu labda ana kitu anachokuuzia.

Tangu Agosti 2024 CBR imekuwa ikishuka kwa hatua. Kufikia Agosti 2025 ilikuwa asilimia 9.5. Hapo ndipo swali la wateja wetu linapoingia.

Pesa iliyo chini ya godoro haisikii redio

Wacha tuseme kuna mama mboga pale Githurai. Miaka ya zamani, kabla ya pesa za simu, faida yake ya siku ilikuwa inafungwa kwa leso na kuwekwa chini ya godoro. Benki Kuu ikipandisha riba, ile pesa haizai zaidi. Ikishusha, mama hakopi zaidi kwa sababu hakuna benki inayomjua. Kwake uamuzi wa kamati ni kama mvua iliyonyesha kaunti nyingine.

Sasa fikiria nchi nzima iko hivyo. Mwaka 2006 utafiti wa FinAccess ulionyesha kwamba ni kama asilimia 27 tu ya watu wazima Kenya waliokuwa wanatumia huduma rasmi za fedha. Ina maana kamati ilipoamua jambo, karibu watu watatu kati ya wanne hawakuguswa moja kwa moja. Wataalamu wa uchumi wanaosoma nchi zinazoendelea wamelalamikia hili kwa muda mrefu: Benki Kuu inashika usukani, lakini usukani wenyewe haujaungana vizuri na magurudumu.

Machi 2007 M-Pesa ikaanza, baada ya Benki Kuu kuruhusu huduma hiyo ijaribiwe kabla ya kuwa na sheria kamili ya kuisimamia. Uamuzi huo ulikuwa wa ujasiri na ulipingwa. Mabenki hayakufurahi. Sheria ya Mfumo wa Malipo ya Kitaifa ilikuja baadaye, 2011, na kanuni zake 2014. Utafiti wa FinAccess wa 2024 ukaonyesha waliojumuishwa katika huduma rasmi wamefika asilimia 84.8.

Pesa yako ya simu pia iko ndani ya mfumo wa benki, hata kama wewe hujawahi kuingia benki. Kila shilingi unayoona kwenye salio lako lazima iwe na shilingi halisi iliyowekwa kwenye akaunti ya amana katika benki ya biashara. Kampuni haiwezi kuichukua ikanunue magari. Kwa hivyo ile leso ya mama mboga, kwa namna fulani, imehamia benki. Pesa inaonekana, inahesabika, na Benki Kuu inajua ziko ngapi na zinatembea kwa kasi gani.

Tuliona faida ya hilo 2019. Tarehe 1 Juni mwaka huo Benki Kuu ilitangaza kwamba noti za zamani za shilingi 1,000 zingekoma kutumika ifikapo 30 Septemba. Kulikuwa na kama noti milioni 217 za aina hiyo nje. Siku ilipofika, noti zaidi ya milioni 7 hazikuwa zimerudi, yaani zaidi ya shilingi bilioni 7 zikageuka karatasi. Bila shaka nyingi zilikuwa za watu ambao hawakutaka kuulizwa maswali. Lakini nyingine, tuna hakika, zilikuwa za shosho fulani mashinani aliyekuwa amezishonea kwenye mto na hakupata habari kwa wakati. Aliyekuwa na pesa zake kwenye simu hakuhitaji hata kujua kuna tarehe.

Na si pesa za serikali tu. Watafiti Tavneet Suri na William Jack walifuatilia familia za Kenya wakati wa mikosi kama ugonjwa au mavuno mabaya. Familia zisizotumia pesa za simu zilipunguza matumizi kwa kama asilimia 7 mkosi ulipokuja. Zile zinazotumia hazikupunguza, kwa sababu kuna ndugu mahali alituma kitu.

Kuwa ndani, lakini karibu na mlango

Sasa turudi kwa lile swali. Kama mama mboga yuko ndani ya mfumo, mbona CBR haimfikii?

Kwa sababu kuna njia mbili za kuguswa na riba: kama mtu anayeweka, na kama mtu anayekopa. Tuzitazame.

Upande wa kuweka, salio la kawaida kwenye simu halizai riba. Yako 10,000 ya Januari ni 10,000 ya Desemba, kama hujaigusa. CBR ilipokuwa asilimia 13, hati za serikali za siku 91 zilikuwa zinalipa karibu asilimia 16 katikati ya 2024. Waliokuwa nazo walivuna. Mwenye salio la simu hakuvuna kitu. Kumbe mfumuko wa bei ulikuwa unamla polepole: bei zikipanda asilimia 5 kwa mwaka, ile 10,000 inanunua vitu ambavyo mwaka jana vingenunuliwa kwa kama 9,520.

Kwa hivyo tukisema asilimia 84.8 wamejumuishwa, tukumbuke wengi wao wana mahali pa kupitishia pesa. Mahali pa kuzalisha ni hatua nyingine. Serikali ilijaribu kuziba pengo hilo 2017 kwa M-Akiba, hatifungani ya kununuliwa kwa simu kuanzia shilingi 3,000, riba asilimia 10 bila kodi. Wazo lilikuwa safi. Mwitikio haukuwa mkubwa kama ilivyotarajiwa, na ukifikiria, mtu anayezungusha 3,000 kila siku kununua sukuma wiki hawezi kuifungia miaka mitatu. Siku hizi fedha za pamoja za soko la fedha zinazokubali kuanzia shilingi mia chache kwa simu zimefanya vizuri zaidi, kwa sababu unaweza kutoa baada ya siku moja au mbili. Lakini ukiweka huko, jua kwamba faida yake hufuata riba za serikali. Hati za siku 91 zilishuka hadi karibu asilimia 8 katikati ya 2025, na fedha hizo zikashuka nazo. Kama faida yako imepungua, hakuna aliyekuibia. Ni ile habari ya saa moja jioni imekufikia.

Upande wa kukopa ndio mchungu, na hapa tutapiga hesabu.

Chukua mkopo wa simu wa shilingi 5,000, wa siku 30, wenye ada ya asilimia 7.5. Ada hiyo imekuwa ya kawaida sokoni tangu mikopo ya aina hii ianze 2012. Utalipa shilingi 375 juu. Haionekani kubwa. Lakini ukikopa na kulipa hivyo kila mwezi kwa mwaka mzima, utakuwa umelipa 4,500 kwa pesa ambayo haijawahi kupita 5,000. Hiyo ni asilimia 90 kwa mwaka.

Sasa, kufikia Agosti 2025 CBR ilikuwa imeshuka kutoka 13 hadi 9.5, yaani pointi 3.5 kwa mwaka. Hata mkopeshaji akiamua kukupa nafuu yote bila kubaki na senti, kwa mkopo wako wa 5,000 kwa mwezi mmoja nafuu hiyo ni kama shilingi 14. Badala ya 375 ungelipa 361. Nauli ya kutoka Githurai hadi mjini haipatikani hapo.

Ndio maana mkopo haujashuka. Sehemu kubwa ya ile 375 haihusiani na bei ya pesa ya Benki Kuu. Inalipia wale wasiolipa, inalipia mitambo, inalipia kazi ya kumpima mtu asiye na payslip wala shamba la kuweka rehani, na ndiyo, inalipia faida ya mkopeshaji. Isitoshe, imewekwa kama ada ya mara moja, haikuwekwa kama riba inayohesabiwa kwa siku. Kitu ambacho si riba hakina sababu ya kufuata riba.

Hapo ndipo tulisema biashara ya aina yetu haionekani vizuri. Teknolojia ilileta watu ndani, lakini bidhaa ya mkopo iliyowapokea mlangoni imejengwa kwa namna ambayo sera ya fedha haiwezi kuisukuma.

Tulishajaribu kuweka kofia

Mtu atasema: si serikali iamuru tu? Iliamuru. Septemba 2016 sheria ilianza kutumika ikisema benki zisitoze zaidi ya CBR kuongeza asilimia 4. Wananchi wengi walishangilia, na kusema kweli wengine wetu tuliokuwa bado chuoni tulishangilia pia.

Kilichofuata ni funzo. Julai 2018 CBR ilikuwa asilimia 9, kwa hivyo kofia ilikuwa 13. Benki ikajiuliza: nimkopeshe mwenye kibanda kwa 13 na huenda asilipe, au niikopeshe serikali na nilale usingizi? Ikakopesha serikali. Wafanyabiashara wadogo wakafungiwa nje. Na ajabu zaidi, Benki Kuu ikitaka kusaidia uchumi kwa kushusha CBR, kofia nayo inashuka, kwa hivyo benki inazidi kukataa wateja wadogo. Dawa ikawa inaongeza ugonjwa. Benki Kuu yenyewe ililalamika kwamba sheria hiyo imeifunga mikono, na Novemba 2019 kofia ikaondolewa.

Na wale waliofungiwa nje walienda wapi? Kwa simu. Programu za mikopo zilimea kila mahali miaka hiyo, nyingine zikipigia simu mama mkwe wako ukichelewa siku mbili. Ilichukua mpaka 2022 kwa kanuni za wakopeshaji wa kidijitali kutoka, zikiwataka wapate leseni ya Benki Kuu na kuwakataza kumuaibisha mteja. Kabla ya kukopa kwa programu yoyote, tafuta jina lake kwenye orodha ya wenye leseni katika tovuti ya Benki Kuu. Kama haimo, achana nayo, hata kama pesa inaingia kwa sekunde tano.

Wakati kamati iligusa simu yako kweli

Kuna mara moja ambapo uamuzi wa Benki Kuu ulihisiwa na kila mtu mwenye laini. Machi 2020, korona ilipoingia, Benki Kuu na kampuni za pesa za simu zilikubaliana kuondoa ada ya kutuma hadi shilingi 1,000. Kiwango cha juu cha kutuma kwa mara moja nacho kikapandishwa hadi 150,000. Wiki hiyohiyo ya pili ya hatua hizo, tarehe 23 Machi, kamati ilishusha CBR kutoka 8.25 hadi 7.25.

Jiulize ni kipi unakumbuka. Sisi tuliowauliza marafiki na jamaa zetu tulipata jibu moja: kutuma bure. Hakuna hata mmoja aliyetaja CBR. Kwa mtu wa kipato kidogo, ada ya shilingi 10 ni kitu kinachoonekana kuliko pointi moja ya riba. Ada hiyo ilirudi mwanzoni mwa 2021, na ushuru wa serikali juu ya ada hizo umepanda tangu wakati huo, kutoka asilimia 12 hadi 15 mwaka 2023. Ushuru si kazi ya Benki Kuu, ni ya Hazina na Bunge. Lakini mfukoni unatoka palepale.

Basi ufanye nini na habari ya saa moja?

Kwanza, angalia una mkopo wa aina gani. Kama ni wa benki wenye riba inayobadilika, wewe ndiye unayehusika hasa. Wastani wa riba za mikopo ya benki ulikuwa karibu asilimia 17 mwishoni mwa 2024 na ukashuka hadi zaidi kidogo ya 15 katikati ya 2025. Kama yako haijasogea, pigia benki yako simu na uulize kwa nini, tena kwa maandishi. Kuanzia Septemba 2025 mikopo mipya ya aina hii inapaswa kuonyesha wazi sehemu inayofuata soko, ambayo ni riba ya benki kukopeshana iitwayo KESONIA, na sehemu ambayo benki imeongeza juu kwa sababu yako wewe. Hiyo ya pili ndiyo ya kujadiliana. Ulipe kwa wakati, uwe na rekodi safi CRB, halafu uiombe ipunguzwe.

Kama mkopo wako ni wa ada ya mara moja kwa simu, usingoje CBR. Uliza maswali mengine. Nikilipa baada ya siku 5 badala ya 30, nalipa kidogo? Mingi ya ada ya mara moja haipungui, kwa hivyo kukopa 5,000 ya siku tano kwa 375 ni ghali mno. Mkopo unaohesabiwa kwa siku unaweza kukufaa zaidi, mradi usiuache ulale. Linganisha pia na jirani: Sacco nyingi hutoza asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalobaki, yaani shilingi 50 mwezi wa kwanza kwa ile 5,000. Ina masharti yake, lazima uwe mwanachama, uwe umeweka akiba, upate wadhamini. Chama chako huenda ni rahisi hata zaidi.

Na salio lako? Pesa ya kuzungusha wiki hii iache kwa simu, ndiyo kazi yake. Ile ambayo unajua hutaigusa mpaka karo ya muhula ujao, ihamishe mahali inapozaa kitu. Hata 2,000. Ukifanya hivyo, utaanza kujikuta unaongeza sauti ya redio kamati ikikutana, manake safari hii kuna kitu chako ndani.

Kama una mkopo na hujui umehesabiwa vipi, piga picha ya ujumbe wa masharti, ufiche nambari yako ya siri na ya kitambulisho, na ututumie kupitia huduma kwa wateja. Tutakupigia hesabu ya mwaka mzima, hata kama mkopo wenyewe ni wetu.